Paneli Zilizokufa za Kisima Chetu

Yafa ya Juu, 9 Rajabu

Mdogo wangu Nashwan,

Assalam alaikum. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri huko Aden, nami nimemwambia mwenye tumbo lile hawezi kuwa anashinda njaa. Sisi wazima, ila kisima kimenyamaza.

Unakumbuka pampu ilivyokuwa ikijaza tangi kubwa kabla ya adhuhuri. Mwaka juzi ikawa inalijaza alasiri. Mwaka jana, nusu tangi. Tangu mwezi uliopita inakoroma kidogo jua likiwa utosini, kisha kimya. Fundi wa sokoni alipanda paani na kipimo chake, akatikisa kichwa, akasema paneli zote kumi na mbili za umeme wa jua zimezeeka na zimekufa. Alisema haraka haraka kama mtu anayewahi chakula cha mchana.

Juzi kamati ya maji ilikaa. Mwanamke ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilisikilizwa mwisho, mirungi ikiwa imeshawapanda kichwani. Naqib Fadhl anataka kuturudishia injini yake ya dizeli. Hakuna aliyesahau ilivyovuja mafuta kisimani, tukanywa maji yenye harufu mwaka mzima na watoto wakawa wagonjwa kila wiki. Lakini mtu mwenye kiu hana subira ya kukumbuka. Nikaomba muda, na wamenipa mpaka mwisho wa Shaabani. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na jua bado halivuti maji, injini inashuka kisimani.

Uliniambia kwenye yadi yenu ya vyuma chakavu wanapokea paneli zilizokufa, na kwa kumi na mbili wanaweza kukupa tatu nzima zilizotumika. Basi nakutumia zote kwa gari la Muthanna, nimezifunga kwa mablanketi ya Mama. Nipatie hizo tatu, tuanzie hapo. Unajua zile kumi na mbili nilizinunua kwa mapambo yangu ya fedha ya siku ya harusi, yale aliyoyafua Baba mwenyewe. Nilipoyavua shingoni niliwaambia watu wote kwamba jua halitatuvujia mafuta kisimani. Sitaki kuiona injini ile ikipitishwa mbele ya mlango wangu.

Dada yako,
Hurria


Dar Saad, Aden, 18 Rajabu

Dada Hurria,

Wa alaikum salam. Paneli zimefika salama, hakuna hata moja iliyopata ufa njiani. Muthanna ameendesha kama amebeba mayai. Na tumbo langu liache, ni la heshima, hapa wenye matumbo ndio wanaokopeshwa samaki.

Dada, mimi na wewe tumeishi na vitu hivi miaka yote bila kujua ni nini. Nilidhani ni kioo cheusi kilichotiwa waya, basi. Nimeshafungua nne. Fremu ni alumini tupu. Kioo cha juu kizito, hakina ufa. Chini yake kuna vipande sitini vya bluu iliyoiva, vyembamba kama ganda la kitunguu, ukivishika kwa papara vinavunjika. Na juu ya kila kipande kuna mistari ya fedha. Fedha yenyewe, ile ile ya Baba. Myembamba mpaka jicho linaipoteza. Mimi nimezaliwa kwenye karakana ya mfua fedha, nimefua shanga ndogo kuliko punje ya mtama, na wallahi hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuchora mistari ile. Nilikaa chini kwenye vumbi nikiwa nimeshika kipande kimoja, wenzangu wakanicheka. Ulivua fedha shingoni ukanunua fedha nyingine bila kujua, ikakaa paani miaka tisa ikilitazama jua.

Kuna mwalimu wa kemia huja hapa kutafuta vioo vya wanafunzi wake, Daktari Ibtihal, mama mwembamba mwenye ulimi mkali. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba vile vipande vya bluu ni mawe. Yale mawe meupe ya kung'aa tuliyokuwa tukiyaokota korongoni, yameyeyushwa kwa moto wenye joto mara mbili ya ule wa kuyeyushia fedha. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kuwaza kulilisha jiwe moto namna hiyo ili baadaye liweze kula jua. Akasema swali zuri, halafu akaniambia upande wa pili wake: moshi mwingi wa paneli hutoka huko inakotengenezwa, kabla haijaona jua. Ikishawekwa paani, kwa miaka kama miwili hivi inarudisha nguvu yote iliyotumika kuitengeneza. Baada ya hapo kila siku inayofanya kazi ni nafuu kwa dunia nzima. Nimekuwa nikiyawaza maneno hayo mpaka nasahau kula, ukitaka mwambie Mama.

Za kubadilishana bado sijazipata, Bahakim mwenye yadi amesafiri. Usiwe na wasiwasi. Hizi tunazifungua kwa utaratibu, ni kazi safi.

Nashwan


Yafa ya Juu, 26 Rajabu

Nashwan,

Kazi safi! Muthanna ameniambia aliuona moshi mweusi wa yadi yenu tangu barabarani, na amekukuta umejifunga kitambaa usoni, unakohoa kama mbuzi aliyekwamwa na mwiba. Usinifanye mtoto. Nakuuliza mara moja tu, nijibu: mnazifunguaje?

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu. Pale kwenye fedha alilia, halafu akacheka, halafu akataka kujua kama mistari hiyo inaonekana mtu akivaa miwani. Nimewasomea na wanawake kule chemchemi ya chini, tukingoja zamu. Bint Aidarus alisema kumbe miaka yote hii tulikuwa tunanyweshwa na mawe. Mimi ni mtu mzima, nimezaa na nimezika, lakini sijawahi kusikia jambo lililonisisimua mwili namna ile. Nilimshukuru Mungu kwamba nilizinunua, hata kama zimekufa.

Ndiyo, tunateka kule chini sasa. Ni saa tatu kwenda na kurudi na punda, na kupanda kule unakujua. Naqib Fadhl ameshaitoa injini ghalani na anaisugua kutu mbele za watu, kila nikipita ananisalimia kwa upole mwingi mno.

Shaabani inakaribia, nimeloweka chokaa. Madirisha ya nyumba nitayapaka kama kawaida, lakini paa la kisima linanitia huzuni, liko tupu. Wewe uliondoka kabla ya Shaabani ya kwanza, hukuwahi kuziona zilivyopendeza. Kila Shaabani nilizizungushia ukingo mweupe kama tunavyofanya madirisha, kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mwaka niliupanua kidogo uonekane vizuri kutoka barabarani. Wageni walikuwa wakisema kisima chetu kina madirisha kumi na mawili yanayotazama mbinguni. Mwaka huu nitapaka nini?

Hurria


Dar Saad, Aden, 3 Shaabani

Dada Hurria,

Barua yako niliianza nimesimama, na nilipofika kwenye chokaa nikakaa.

Nilikuwa nimeuona ule weupe. Niliuona kwenye paneli zote, umeganda kama ukoko wa sufuria, upana wa kiganja kila upande. Nikadhani zilitoka hivyo kiwandani, ni rangi ya pambo iliyochakaa. Haikunijia kabisa kwamba ni sisi, kwamba ni ukingo wa dirisha. Mtoto wa Yafa nimesahau madirisha ya kwetu.

Nikatoka mbio nikanunua siki. Daktari Ibtihal alikuwepo, akaniuliza kama natengeneza kachumbari. Nikamsomea maneno yako. Akavua miwani, akasema tuanze na moja. Tukaitoa juani, akaunganisha kipimo, mshale ukasogea kidogo sana ukalala. Nikailowesha chokaa kwa siki, nikaingoja ilainike, nikaikwangua kwa kijiti cha mti nisije nikakwaruza kioo, nikafuta kwa shati langu. Ukoko wa miaka tisa ukatoka vipande vipande. Nilipofuta upande wa mwisho, Dada, mshale uliruka. Nilidhani kipimo kimeharibika. Akakibadilisha. Ukaruka tena, ukasimama pale pale. Tukafuta ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, na zote zilikuwa hai. Mafundi waliacha kazi wakaja kutazama, na mzee wa mizani akawa anaigusa kila paneli mgongoni kama anamgusa mgonjwa aliyeamka.

Daktari alinieleza hivi. Vile vipande sitini vimeshikana mikono kwa safu, na umeme unapita kwa kila mmoja kumfikia mwenzake. Ukimfunika mmoja, safu nzima inakwama. Ukingo ulipokuwa juu ya fremu tu haukudhuru. Ulipoanza kuingia kwenye kioo, kila mwaka kidole kimoja, safu zikaanza kukwama, nasi tukasema ni uzee. Paneli hizi zina nguvu za miaka kumi na tano mbele, pengine zaidi. Tuliziziba macho tukazililia.

Sasa nijibu ulichoniuliza. Zile nne nilizichoma. Hapa tunazichoma, Dada. Plastiki ya mgongoni inaungua, moshi unatupanda puani, tunaokota shaba. Kisha tindikali inatafuna mistari ya fedha, na yale maji yake tunayamwaga nyuma ya ukuta, mchangani. Nilikuandikia kazi safi kwa sababu niliona haya. Nilizichoma nne siku ya kwanza tu, hata kuzifuta vumbi sikuzifuta, kwa pupa ya kuona fedha.

Nilimwambia Daktari kwamba zile nne pia lazima zilikuwa hai. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

“Ndiyo, zilikuwa hai,” alisema. “Na huko mbali watu watachoma makaa upya kutengeneza nne nyingine za kushika nafasi yake. Paneli ya kwanza kuokolewa ni ile isiyovunjwa, Nashwan. Iliyokufa kweli ndiyo ya kufunguliwa, tena kwa kisu na subira. Alumini yake ukiiyeyusha inataka sehemu moja ya ishirini ya moto uliohitajika kuitoa kwenye udongo. Kioo kinarudi kuwa kioo. Fedha inarudi kuwa fedha. Wewe umechukua kitu chenye haya yote ukakigeuza moshi, na madini yake ya risasi, ambayo ni sumu, ukayanywesha mchanga.”

Naona aibu, na papo hapo naona ajabu, na siwezi kuzitenganisha.

Nashwan


Yafa ya Juu, 8 Shaabani

Nashwan,

Barua imefika. Nimeisoma peke yangu paani, pale zilipokuwa.

Wewe umechoma nne kwa siku moja. Mimi nimeziua zote kumi na mbili polepole kwa brashi, miaka tisa, nikiimba. Usiniombe msamaha, sijui niuweke wapi.

Nimekaa nikatazama alama za miguu ya fremu kwenye paa. Yaani zilikuwa pale, jua linazipiga, mawe yako tayari, fedha iko tayari, zinachohitaji ni kitambaa tu. Na mimi nashuka korongoni na punda.

Nitumie hizo nane upesi. Halafu niambie, nitawaambia nini watu?

Hurria


Dar Saad, Aden, 14 Shaabani

Dada Hurria,

Muthanna anapakia ninapoandika. Nane, safi, kila moja nimeipima mwenyewe jua la saa sita na nimeandika kipimo chake mgongoni kwa chaki. Zifungeni kwa mfuatano niliouchora kwenye karatasi iliyomo kwenye blanketi, na zilazwe zikiinama kusini kama mwanzo. Za kuongeza sikupata. Bahakim amerudi, nikamwomba hata moja, akasema zake nzima zimeuzwa zote mpaka baada ya Idi. Nane peke yake zitavuta, lakini zitavuta thuluthi mbili ya maji. Hilo siwezi kulibadilisha kwa siki.

Nimemwambia Bahakim sichomi tena. Alinitazama kwa shaka. Nikamwomba siku moja tu, nikafuta na kupima paneli zote zilizoletwa wiki hii kama zilizokufa. Kati ya thelathini na moja, tisa zilikuwa hai. Nyingine waya ulikuwa umekatwa, nyingine kinyesi cha njiwa, nyingine imepasuka kioo na bado mshale unapanda. Tuliziegemeza ukutani zote tisa, zimeunganishwa, na feni ya ofisini ikazunguka kwa umeme wa takataka. Bahakim alisimama mbele ya feni ile na kanzu yake ikipepea, kisha akasema hizo tisa nazo zinakwenda kwa wateja waliokwisha kulipa. Sasa ameagiza hakuna kitakachovunjwa kabla ya kupimwa juani, na zilizokufa kweli tunazifungua kwa kisu chini ya usimamizi wa Daktari, anayetutukana bure. Tindikali imefungiwa. Kikohozi bado ninacho.

Kuhusu watu. Nimefikiri. Waambie nne zilivunjika njiani. Muthanna yuko radhi kusema gari liliruka kwenye jiwe, njia ile kila mtu anaijua. Hakuna atakayeuliza. Na chokaa usiitaje, nani atakayejua? Naqib Fadhl anangoja ukosee tu, na ukikiri atakutoa kwenye kamati. Nakusihi, Dada.

Nashwan


Yafa ya Juu, 25 Shaabani

Mdogo wangu Nashwan,

Muthanna ameniambia yuko tayari kusema uwongo kwa ajili yetu, nikampa kahawa nikamwambia apumzike.

Ijumaa baada ya sala kamati ilikaa, na nilitaka wanawake nao waje, wakajaa mpaka ngazini. Nilisimama nikawaambia. Kwamba paneli hazikuwa zimekufa. Kwamba ukingo mweupe tuliousifu miaka tisa ndio uliokuwa ukizikaba, na aliyekuwa akiupaka ni mimi. Kwamba nne zimechomwa moto huko Aden, na aliyezichoma ni ndugu yangu Nashwan, mtoto wa Salim mfua fedha, bila kuzitazama. Kuna aliyecheka, kuna aliyetukana. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akajifunika ushungi.

Kisha nikawaambia twende paani. Fundi aliunganisha kwa kufuata mchoro wako, akionekana kama mtu anayemeza dawa. Ilikuwa saa nane mchana, jua bado limekaa vizuri. Hakuna injini ya kuwasha, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna moshi wa kutuonyesha kwamba jambo limeanza. Alibonyeza swichi na sote tukatega masikio kwenye bomba. Kwanza hewa. Halafu bomba likatetemeka, halafu maji yakaja, Nashwan, yakaja mazito yakagonga chini ya tangi, na watu waliokuwa wakinitukana wakasema Subhanallah kwa sauti moja. Bint Aidarus aliweka kiganja juu ya kioo na kukitoa, kilikuwa cha moto. Naqib Fadhl alitia mkono wake ndani ya maji, akaunusa, akaunusa tena. Akasema injini atairudisha ghalani. Nilidhani ningefurahi kumwona ameshindwa, lakini alikuwa ameshangaa kama mimi, na nikamwachia nafasi yake pembeni ya tangi.

Mama alipanda mwisho. Alivaa miwani akainama juu ya kioo, akaitafuta ile mistari mpaka akaiona. Alinionyesha kwa kidole, kana kwamba sikuwahi kuambiwa.

Ni thuluthi mbili, kama ulivyosema. Tangi linajaa mpaka kwenye alama ya pili, halipandi zaidi. Hayatoshi nyumba zote, na Ramadhani hii ni siku tano zijazo. Kamati haikunitoa. Walisema jambo zito zaidi. Walisema kwa kuwa mimi ndiye niliyepaka na ndugu yangu ndiye aliyechoma, basi mimi ndiye nitakayeandika orodha ya nyumba zitakazokosa maji ya bomba mpaka paneli nne nyingine zipatikane. Nyumba kumi na moja. Wakanipa karatasi na kalamu palepale, na watu wote wakinitazama mkono.

Nimeandika ya kwetu kwanza. Nilipomwonyesha Mama, hakuuliza kwa nini. Aliuliza ndoo zetu ziko wapi.

Dada yako,
Hurria